Hisa za marehemu: kampuni ndogo na mirathi yetu

Mtu akishazikwa, kabla watu hawajatawanyika makaburini, mmoja wa jamaa husimama akasema: anayemdai marehemu aje kwa familia, na anayedaiwa naye ajitokeze. Kwa mfanyakazi wa serikali tangazo hilo huishia kwa watu wawili watatu. Kwa mfanyabiashara ndipo kazi inapoanza. Daftari la dukani lina majina ya nusu ya shehia. Mwenye bohari wa Chake Chake naye ana daftari lake, na mawili hayo hayasemi kitu kimoja. Saruji iliyoshushwa wiki iliyopita haijulikani kama ilishalipiwa au ilichukuliwa kwa mali kauli. Laini ya uwakala wa pesa za simu imesajiliwa kwa jina la marehemu, ndani mna fedha, na namba ya siri amekwenda nayo.

Nimeanzia msibani kwa sababu mjadala wa kusajili kampuni kwa biashara ndogo hapa visiwani huanzia kwengine kabisa. Kijana akiuliza kwa nini asajili kampuni, jibu huwa moja: "Ukifilisika, nyumba yako haitaguswa." Wanaotoa mafunzo ya ujasiriamali hulirudia, mawakili hulirudia, na sasa hata vijana wa barazani wanalijua. Kwa mwenye duka la Konde au mashine ya kusaga Kengeja, naona hiyo ndiyo sababu dhaifu kuliko zote. Yenye uzito ni mirathi, pamoja na ndugu kufanya biashara kwa pamoja. Asiye na mshirika, na ambaye akiondoka leo hakiachwi kitu cha kugombaniwa, mara nyingi hana haja ya kampuni kwa sasa.

Wengi wanaosema "nimesajili kampuni" wamesajili jina la biashara tu. Vyote viwili hufanyika BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, na vyote hutoka na cheti cha kutundika ukutani, kwa hiyo makosa hayo yanaeleweka. Jina la biashara, nyuma yake uko wewe mwenyewe. Deni lake ni deni lako, mali yake ni mali yako, na siku ukifa linaingia kwenye mirathi pamoja na kitanda na baiskeli. Kampuni inayosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni namba 15 ya 2013 ni mtu mwengine mbele ya sheria. Inamiliki, inadai, inadaiwa, inashitaki na kushitakiwa kwa jina lake.

Mpemba hahitaji wakili kumfundisha jambo hili. Msikiti una mikarafuu yake. Imamu haimiliki, wala aliyeiweka wakfu haimiliki tena. Ukifika msimu, karafuu zikipelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, fedha yake ni ya msikiti, na imamu akifariki watoto wake hawaendi shambani kugawana miti. Wanazuoni watanikumbusha kwamba wakfu na kampuni vina tofauti nyingi, na ni kweli: mali ya wakfu haiuzwi, ya kampuni huuzwa kila siku. Lakini hilo wazo la mali kuwa na mwenyewe asiye na nyama wala damu si geni kwetu, na wala halikuja na meli ya Mwingereza.

Kilichokuja na Mwingereza ni umbo la kampuni lenyewe, na kesi iliyoliweka sawa ilihusu familia, tena familia ya fundi viatu. Aron Salomon alikuwa akitengeneza mabuti London. Mwaka 1892 aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe. Sheria ya wakati ule ilitaka wanahisa saba, akawaweka mkewe, binti yake na wanawe wanne, kila mmoja hisa moja. Katika hisa 20,007, yeye alibaki na 20,001. Sehemu ya bei kampuni ilibaki ikidaiwa naye, na deni hilo likawekewa dhamana ya mali ya kampuni yenyewe. Haukupita muda mrefu kampuni ikaanguka. Wadai wengine wakasema huu ni ujanja, kampuni ni Salomon na Salomon ni kampuni, alipe. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao. Nyumba ya Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, mwishoni mwa 1896, ikakataa: maadamu kampuni imesajiliwa kwa kufuata sheria, ni mtu mwengine, hata kama hisa karibu zote ziko mikononi mwa mtu mmoja. Aliyeikopesha alikuwa na nafasi ya kwenda kuangalia daftari la msajili. Tangu hapo kila nchi iliyorithi sheria za Uingereza, Zanzibar ikiwamo, inasimamia hapo.

Wapo watu wa dini ambao suala hili huwakera, na wana haki ya kukereka. Deni ni zito, roho ya maiti hufungika kwalo, iweje kipande cha karatasi kimfungue mtu? Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, lililijadili katika kikao chake cha saba, Jeddah, mwaka 1992, na likaona hakuna kizuizi cha kisheria katika kuunda kampuni ambayo dhima yake inaishia kwenye mtaji, yaani wadai hawauvuki mtaji huo wakafika kwenye mali za wanahisa, kwa sababu wanaoamiliana nayo wanalijua hilo tangu mwanzo. Uzito wote uko kwenye kujua. Ndiyo maana herufi Ltd, zinazoonesha kwamba dhima ina kikomo, hazifai kufichwa kwenye bango wala kwenye risiti, na ndiyo maana anayekopa kwa jina lake na ubini wake, kisha siku ya kudaiwa akatoa cheti cha kampuni mfukoni, huyo kampuni haimsaidii mbele ya sheria wala mbele ya watu.

Turudi kwenye nyumba ambayo haitaguswa. Ofisa wa mikopo benki hababaishwi na kampuni yenye mtaji wa milioni mbili. Atataka mkurugenzi atie saini ya dhamana binafsi, na mara nyingi atataka na mdhamini wa tatu. Ukishatia saini hiyo, kikomo cha dhima umekivua kwa mkono wako mwenyewe. Mwenye bohari naye anakupa mabati kwa mkopo kwa kuwa alimjua baba yako, hajali katiba ya kampuni yako, yaani kanuni zake za ndani, inasemaje, na usipolipa atakuja nyumbani Ijumaa baada ya sala. Nyumba yenyewe mara nyingi haina hati, iko kwenye kiwanja cha babu ambacho mirathi yake haijawahi kugawanywa, na wenyewe wako saba. Mdai gani ataiuza hiyo?

Lipo eneo moja ambako kikomo cha dhima kina kazi ya kweli: madeni ambayo hukuyachagua. Mwenye boti inayopeleka watalii kuzamia Misali, mwenye gari ya abiria, mwenye jiko linalolisha harusi ya watu mia nne. Mtu akiumia hapo, madai yanaweza kuzidi thamani ya chombo na kila kitu kilichomo. Huyo nitamwambia akate bima kwanza, kisha asajili kampuni, na ajue kwamba kama ni yeye mwenyewe aliyekuwa ameshika usukani kwa uzembe, uzembe huo unabaki kuwa wake.

Sasa mirathi. Chukua mtu wa Wete mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wazazi wake wametangulia. Anafariki akiacha mke, wavulana wawili na msichana mmoja. Biashara ni yake binafsi. Yakishatolewa mazishi, madeni na wasia, kilichobaki kinagawanywa: mke thumuni yake, na kinachobaki mtoto wa kiume mafungu mawili ya wa kike. Hesabu ni nyepesi sana ikiwa mali ni fedha. Lakini mali ni mifuko ya saruji, nondo, friji ya maji baridi, gari ya mizigo yenye injini mbovu na madeni ya wateja mia moja. Thumuni ya gari ni tairi gani? Kinachotokea tunakijua sote. Kaka mkubwa anaendelea kuuza "mpaka tukae tuzungumze". Mama anachukua matumizi ya nyumbani dukani. Msichana, aliyeolewa Unguja, akiuliza haki yake huambiwa duka halina kitu, lina madeni tu. Baada ya mwaka mmoja hilo linakuwa kweli.

Tuseme duka lile lilikuwa kampuni yenye hisa 400, zote za marehemu. Kinachorithiwa si saruji, ni hisa. Mke anapata 50. Zinabaki 350, mafungu matano ya 70: kila mvulana 140, msichana 70. Duka halijaguswa. Mzigo wa saruji ni wa kampuni, deni la bohari ni la kampuni, na wateja wanaodaiwa wanadaiwa na kampuni. Kadhi anagawa hisa kwa hukumu ya mirathi kama anavyogawa kitu chengine chochote, wala hahitaji kujua bei ya nondo.

Angalia pia kura. Wavulana wote wawili kwa pamoja wana asilimia 70, kwa hiyo wakipatana wanaendesha. Lakini mmoja peke yake ana 35, hawezi kujifanya bwana mkubwa. Na mama na binti yake wana asilimia 30 baina yao. Ikiwa katiba inataka robo tatu ya kura kwa mambo mazito, kama kubadilisha katiba yenyewe, kuuza jengo au kuongeza hisa mpya, basi hakuna lolote kati ya hayo litakalopita bila mmoja wao kukubali. Wanawake wale wale ambao dukani wangeambiwa "nyinyi biashara hamuijui" wana kura inayohesabika na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Sijaona semina yoyote ya kuwawezesha wanawake inayolitaja hili, na nadhani lina faida kuliko cherehani nyingi zilizogawiwa.

Haya yote hayaji na cheti, lakini. Yanakuja na katiba ya kampuni, na hapo ndipo tunapoharibu. Katiba nyingi za kampuni ndogo ni za kunakili. Ni za Kiingereza kizito, zimepita mikono kumi, na kwenye madhumuni ya kampuni mwenye biashara ya dagaa wa Tumbe anakutwa ameruhusiwa kuchimba madini, kuendesha ndege na kuchapisha vitabu. Kifungu cha mwanahisa kufariki ama hakimo, ama kimo kwa maneno ambayo aliyetia saini hakuwahi kusomewa. Mtu amelipia usajili, amelipia wakili, na siku ya msiba familia iko pale pale ilipokuwa.

Kuna kampuni ambayo mkurugenzi ni mmoja, mtia saini benki ni mmoja, na mwenye nywila ya mfumo wa risiti za kielektroniki ni yeye yule. Akifa huyo, kampuni kisheria iko hai lakini haina mkono wa kutia saini. Hundi hazitoki, mshahara wa kijana wa dukani hautoki. Mkurugenzi wa pili na mtia saini wa pili ni jambo la kuwekwa siku ya kwanza, na awe mtu anayefika dukani, si shemeji aliyeko Muscat.

Halafu suala la eda. Mjane anakaa miezi minne na siku kumi, na hiyo ndiyo miezi ambayo maamuzi yote makubwa hufanywa. Katiba inaweza kusema wazi kwamba mwanahisa aliye edani anahudhuria kwa kumtuma mwakilishi wake, na kwamba hakuna kikao cha kuuza mali ya kampuni mpaka eda imalizike. Sheria haikatazi kuandika hivyo. Ni kwamba katiba ilinakiliwa kwa watu wasio na eda.

Watoto wadogo nao: hisa za yatima nani anazipigia kura? Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ina dhamana ya mali za marehemu na mayatima, lakini kura kwenye kikao cha duka la saruji ni jambo la kila mwezi, na familia ni bora iwe imeandika mapema ni ami gani au ni mama ndiye atakayesimama. Na bei. Mrithi akitaka kuuza hisa zake, wenzake wapewe nafasi ya kwanza kuzinunua, kwa hesabu gani? Kwa mali iliyomo dukani ukiondoa madeni, kwa faida ya miaka mitatu, au kwa kauli ya kaka mkubwa? Hili la bei lisipoandikwa, la mwisho ndilo litakalofuatwa.

Mpaka hapa inaonekana kama nampigia debe kila mtu akasajili. Sivyo, na sababu ni kodi na karatasi. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo hata Mkoani inayotumika ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 na mkusanyaji ni TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, si ya Muungano: ya kwetu ina kiwango cha kawaida cha asilimia 15, ya Bara 18, na hapa inakwenda ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 anaweza kulipa kodi ya mapato kwa makadirio ya mauzo, bila hesabu za mkaguzi. Kampuni haina mlango huo. Inalipa asilimia 30 ya faida tangu shilingi ya kwanza, na ritani yake, yaani taarifa yake ya kodi ya mwaka, inatakiwa iandaliwe au ithibitishwe na mhasibu aliyesajiliwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Kinachobaki ukikigawa kama gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa, kinakatwa asilimia 10 nyengine. Faida ya milioni kumi: tatu za kodi, zinabaki saba, laki saba za gawio, mkononi milioni sita na laki tatu. Unaweza kujilipa mshahara badala ya gawio, na wenye akili hufanya hivyo, lakini hapo una kodi ya mshahara na michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Mhasibu naye hafanyi kazi kwa thawabu.

Kuna na kitu kidogo kinachowashinda wengi kuliko kodi: kuchota. Mwenye duka wa kwetu huchukua kilo mbili za sukari rafuni, ada ya skuli kutoka kwenye droo, nauli ya mgonjwa kutoka kwenye mauzo ya asubuhi. Ni mali yake, ana haki. Siku akiwa kampuni, droo ile si yake tena. Kila alichochota ni mkopo au ni gawio au ni wizi, na lazima kiandikwe ni kipi. Asiyeweza kuacha kuchota kwa mwezi mmoja tu, kwa majaribio, kabla hata ya kwenda BPRA, asiende. Atakuwa na kampuni kwenye karatasi na duka la zamani kwenye maisha, na ndugu zake wanahisa watakuwa na sababu ya kumpeleka mahakamani ambayo awali hawakuwa nayo.

Kampuni iliyolala nayo si bure. Haina mauzo, haina ofisi, lakini taarifa za mwaka BPRA na ritani TRA zinahitajika, na faini za kuchelewa zinajikusanya kimya kimya. Wengi walisajili kwa ajili ya zabuni moja, zabuni ikaenda kwa mwengine, na cheti kikabaki kabatini. Afadhali jina la biashara. Hoteli nyingi za Nungwi na Kiwengwa zinachotaka kwa muuza mboga au samaki ni ankara, risiti ya kielektroniki na akaunti ya benki, si lazima Ltd. Uliza kwanza mnunuzi anataka nini hasa.

Kwa kikundi cha wanawake ishirini wa mwani, kila mmoja na mchango ulio sawa, ushirika unawafaa zaidi. Huko kila mtu kura moja. Kwenye kampuni kura zinafuata hisa, na mwenye fedha mwaka huu anaweza kununua za wenzake mwakani.

Na mwenye ndoto ya kufungua tawi Kariakoo ajue kwamba usajili wa makampuni haumo katika mambo 22 ya Muungano. Cheti cha BPRA hakimfanyi kuwa kampuni ya Bara. Huko msajili ni BRELA, na wana Sheria yao ya Makampuni ya 2002. Kuuza mzigo kwa mnunuzi wa Dar es Salaam ni kitu kimoja, kufungua duka huko ni kitu chengine.

Kwa aliyekwisha kusajili, katiba hubadilishwa kwa azimio maalumu la wanahisa, na azimio likawasilishwa kwa msajili. Aitoe kabatini, aisomeshe kwa mtu anayekijua Kiingereza hicho, atafute kifungu cha mwanahisa kufariki. Kama hakimo na mwanahisa mkubwa ni baba, inayotakiwa ni kura ya baba, na baada yake hakuna atakayeweza kuipiga kwa niaba yake mpaka mirathi ithibitishwe mahakamani na hisa ziandikwe majina mapya.